Redio ya Ndai: Vile Utanunua, Utajua Thamani Yake na Kuifunga Bila Kuchomwa

Ndai bila ngoma ni chuma tu inatembea. Ndio maana msee akishapata gari yake ya kwanza, iwe Vitz, Demio ama Probox ya kazi, kitu ya kwanza anataka kubadilisha ni redio. Na hapo ndipo wengi huoshwa. Kuna njia tatu za kuchomwa kwa hii biashara: kuuziwa redio feki, kuuziwa redio ya wizi, na kununua redio poa kisha ifungwe na fundi wa haraka. Ya kwanza inakula doo. Ya pili inaweza kukupeleka kortini. Ya tatu inaweza kuchoma gari yote, na hapa hatuongei mafumbo.

Hii hapa rada yote, kutoka kuchagua hadi kufunga. Isome kabla hujashuka Luthuli Avenue ama Kirinyaga Road, ile area wasee bado huita Grogan.

Kwanza uliza: unahitaji redio mpya kweli?

Gari nyingi za mtumba hapa Kenya hutoka Japani. Huko kwao FM ilipangwa kutoka 76 hadi 90 megahezi. Hapa kwetu stesheni zimekaa kati ya 87.5 na 108. Kwa hivyo redio iliyokuja na gari hushika tu kale kaeneo kadogo kenye bendi zote mbili zinakutana. Ndio unapata kwa Nairobi Ghetto Radio 89.5 inaingia safi, lakini Capital FM 98.4 na Classic 105, yenye hukaa 105.2, hazionekani kabisa. Redio haijaharibika. Iko tu na bendi ya kwao. Zile za miaka ya karibuni zimepanuliwa hadi karibu 95, lakini bado hazifiki 108.

Dawa ya bei ya chini ni ekspanda ya FM. Hiki ni kidude kidogo kinakaa kati ya waya ya antena na redio, kinashusha masafa ya stesheni ndio redio ya Japani iweze kuyasoma. Lakini piga hesabu kabla ya kulipa. Ekspanda ya kushusha 14 itafanya Capital FM ionekane kwa 84.4, hiyo ni fiti. Classic itashuka hadi 91.2, na kama redio yako inaishia 90, bado hujaipata. Ghetto nayo itaanguka hadi 75.5, chini ya mahali redio inaanzia. Ukichukua ya kushusha 18, Classic inakuja 87.2 lakini Milele FM ya 93.6 inapotea. Ukweli ni kwamba bendi yetu ina upana wa megahezi 20.5 na yao ya zamani ni 14. Zote haziwezi kutoshea. Andika stesheni zenye wewe husikiza kila siku, toa namba ya ekspanda, uone zenye zinabaki ndani.

Kama shida yako ni FM peke yake na stesheni zako zinatoshea, ekspanda itakuokolea ganji mob. Kama unataka Bluetooth, kamera ya nyuma, ramani na skrini ya maana, basi endelea kusoma.

Saizi: pima kabla ya kushuka tao

Redio za gari ziko na saizi mbili kubwa. Singo din ni ile nyembamba, milimita 180 kwa 50. Dabo din ni ya urefu mara mbili, milimita 180 kwa 100. Toyota nyingi za Japani ziko na shimo pana kidogo, milimita 200 kwa 100, ndio maana ukiweka dabo din ya kawaida unabaki na nafasi pande zote mbili, inakaa kaa jino limeng'oka. Hapo unahitaji fremu ya kuziba ama redio ya milimita 200 moja kwa moja.

Skrini kubwa za Android za inchi 9 na 10 hutegemea fremu ya modeli ya gari yako. Fremu ya Fielder haiingii Demio. Usinunue skrini kwanza ukitarajia fremu itapatikana baadaye. Nunua zote pamoja, na zijaribiwe kwa dashibodi yako kabla doo haijatoka mfukoni.

Kusoma boksi bila kudanganywa

Boksi za redio zimejaa namba kubwa. Nyingi ni za kukubamba tu.

Chukua ile ya "50W x 4". Hiyo ni kilele, nguvu ya nukta moja ya sekunde. Gari ikiwa imewashwa, umeme wake uko karibu volti 14.4. Spika ya kawaida iko na omu 4. Fizikia haiongi mtu: redio nyingi zisizo na amplifaya ya nje hutoa karibu wati 20 za kudumu kwa kila spika. Kwa hivyo redio imeandikwa 50 na nyingine imeandikwa 60 zinaweza kuwa na nguvu ile ile. Tafuta namba iliyoandikwa RMS. Hiyo ndio ya ukweli. Isipoandikwa mahali popote, jua kwa nini.

Kitu ya pili ni RAM kwa redio za Android. Yenye ina 1GB ama 2GB itafungua ramani, lakini ukipigiwa simu na ngoma inacheza, itaanza kukwama. 4GB ndio inakaa bila stress. Noma ni kwamba kuna redio feki zenye zimebadilishwa maandishi ya ndani, ukifungua seting inakuambia 4GB na ndani ni 1GB. Usiamini hiyo ukurasa. Washa hotspot ya simu yako pale pale dukani, weka programu ya kupima mitambo kaa CPU-Z, alafu ufungue ramani, video na Bluetooth kwa wakati mmoja. RAM feki inaweza kudanganya maandishi, lakini haiwezi kudanganya kazi.

Tatu, angalia mashimo ya nyuma. Kama siku moja utataka amplifaya, redio iwe na matundu ya RCA, na heri yenye inatoa volti 4 kuliko ya volti 2, kwa sababu ishara kubwa haichafuliwi rahisi na kelele ya injini. Angalia pia kama inakubali kamera ya nyuma na vibonye vya stiringi.

Thamani: bei ya redio si bei ya redio

Ukiambiwa "hii ni ngiri kumi na tano", bado hujaambiwa bei. Uliza: fremu iko ndani? Soketi ya kuunganisha na waya za gari? Kamera na waya yake? Adapta ya antena? Kazi ya fundi? Redio ya ngiri 15 yenye kila kitu iko nje inaweza kupita ya ngiri 20 yenye imefungwa na kila kitu. Linganisha bei ya mwisho, yenye ngoma inalia ndani ya gari.

Kwa Luthuli, mtu akikushika mkono barabarani akisema anakupeleka kwa duka la rafiki yake, mara nyingi huyo ni broka, na komisheni yake inaingia kwa bei yako. Ingia maduka matatu mwenyewe, uliza modeli ile ile, uandike bei kwa simu. Ukifika la nne utakuwa unaongea kaa mwenyeji.

Ya mtumba je? Redio ya mtumba kutoka kwa brandi inayojulikana, kaa Pioneer, Kenwood, Sony ama Alpine, mara nyingi hushinda Android mpya isiyo na jina kwa sauti. Lakini inapoteza thamani kwa vitu hivi: vibonye vimelegea, skrini haisikii kidole kwa kona, sehemu ya CD imekufa, ama waya za nyuma zimekatwa mfupi. Hiyo ya mwisho ni ishara kubwa. Redio yenye ilitolewa na mwenyewe kwa amani hukuja na soketi yake. Yenye ilinyofolewa usiku hukuja na nyaya zimeraruliwa.

Na usijidanganye kwamba skrini ya inchi 10 itapandisha bei ya ndai ukiuza. Mnunuzi anaangalia injini, gia na bodi. Redio ya zamani iliyotoka kwa gari usiitupe wala kuiacha kwa fundi kama zawadi. Iweke keja. Siku ya kuuza gari, unarudisha ya kwanza na unabaki na yako.

Redio ya wizi ni ngori yako pia

Hapa wasee wengi hucheka mpaka karao wafike. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinasema ukipokea ama kukaa na mali ya wizi ukijua, ama ukiwa na sababu ya kuamini imeibiwa, unaweza kufungwa hadi miaka 14. "Nilinunua tu kwa msee" haitoshi kama ulilipa robo ya bei kwa mtu asiye na duka, asiye na risiti, usiku, kwa kona.

Dalili ziko wazi. Redio inaomba nambari ya siri na muuzaji haijui. Nambari ya siriali imekwanguliwa. Bei iko chini mpaka inatisha. Muuzaji hataki kuandika jina lake. Ukiona mbili kati ya hizo, sare hiyo dili.

Na kuna upande mwingine wa hii stori. Kila redio ya wizi yenye imenunuliwa inalipa kijana mwingine avunje kioo cha gari usiku wa kesho. Inaweza kuwa yako.

Ukinunua, dai risiti yenye iko na jina la duka, modeli, nambari ya siriali na muda wa waranti. Ukilipa kwa M-Pesa, lipa kwa till ya duka, si kwa namba ya mtu binafsi. Ukirudi na redio imezima, hiyo meseji ya malipo na risiti ndio zitaongea.

Jaribu dukani, si nyumbani

Duka la maana huwa na betri ama chanzo cha volti 12 mezani. Omba redio iwashwe na ufanye hivi:

1. Cheza ngoma kwa USB na kwa Bluetooth.
2. Mpigie mtu simu kupitia redio, umuulize kama anakusikia poa.
3. Weka spika moja kwa kila njia ya sauti, zote nne, moja baada ya nyingine.
4. Panda sauti hadi nusu bila ngoma. Ukisikia mvumo ama mlio, rudisha.
5. Gusa kona zote nne za skrini.
6. Zima, washa tena. Ikumbuke stesheni na saa.

Dakika 10 tu. Muuzaji akikasirika kwa dakika 10, amekuonyesha vile waranti itakuwa.

Kufunga: hapa ndipo pesa hulindwa ama huchomeka

Kabla fundi hajagusa kitu, kumbuka hii: redio nyingi za Toyota za Japani zenye ramani hujifunga betri ikitolewa, kisha zinadai nambari ya siri ama kadi ya SD iliyokuja nazo. Wasee hutoa hiyo kadi waweke ngoma, wanaifuta, alafu siku ya kubadilisha betri redio inakufa. Kama unataka kubaki na hiyo redio, ama kuiuza, linda hiyo kadi.

Sasa kazi. Fundi mzuri anapiga picha ya kila kitu kabla ya kutoa. Anatoa waya hasi ya betri. Anafungua dashibodi na vijiti vya plastiki, si bisibisi yenye inaacha mikwaruzo. Na soketi za njano zenye zinaenda kwa airbag hazigusi kabisa.

Waya za nyuma ya redio mpya huwa na rangi zenye zinajulikana dunia nzima:

Njano: umeme wa kudumu, wa kukumbuka seting.
Nyekundu: umeme wa ufunguo, unakuja ukiwasha tu.
Nyeusi: graundi.
Bluu: antena.
Bluu yenye mstari mweupe: kuwasha amplifaya.
Rangi ya chungwa: taa, ndio skrini ipungue mwanga usiku.
Nyeupe na kijivu: spika za mbele, kushoto na kulia.
Kijani na zambarau: spika za nyuma, kushoto na kulia.

Kwa spika, waya yenye mstari mweusi ndio hasi. Lakini chunga: hizi ni rangi za redio, si za gari. Toyota iko na zake, Mazda zake. Ndio maana unanunua soketi ya kuunganisha ya gari yako badala ya kukata plagi ya gari na kufunga nyaya kwa selotepu. Selotepu hulegea kwa joto la dashibodi, nyaya zinagusana, na kukiwa na bahati unapoteza fyuzi tu. Soketi inagharimu kidogo, na ukitaka kurudisha redio ya zamani unachomoa tu.

Kosa la mafundi wa haraka ni kuunganisha njano na nyekundu pamoja kwa umeme wa kudumu. Redio itawaka, utalipa, utaenda. Lakini haitalala kamwe. Mangware unaamka gari haiwaki, unanunua betri mpya, na hiyo pia inakufa. Betri haikuwa na shida.

Amplifaya na sabwufa: fyuzi haidanganyi

Ukitaka besi ya nganya, hapa soma polepole. Amplifaya imeandikwa 2000W. Igeuze uangalie fyuzi yake. Kama ni ya ampea 30, piga hesabu: 30 mara volti 13.8 ni wati 414. Hiyo ndio umeme yote yenye inaweza kuingia bila fyuzi kukatika. Yenye inatoka ni chini ya hapo, kwa sababu nyingine inageuka kuwa joto: amplifaya za klasi AB hupoteza karibu nusu, za klasi D hupoteza kidogo. Kwa hivyo hiyo "2000W" ni wati 200 ama 300 na kitu. Kama ziko na fyuzi mbili ama tatu, zijumlishe kwanza. Nyingine kubwa hazina fyuzi yao, kwa hizo tafuta RMS kwa kitabu. Huu mtihani hauhitaji mashini na hauhitaji kuamini mtu.

Waya ya umeme ya amplifaya inatoka moja kwa moja kwa betri. Sheria ni moja: iwe na fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwa betri. Fyuzi si ya kulinda amplifaya, ni ya kulinda waya. Bila hiyo fyuzi, siku waya itakwaruzwa na chuma pale inapita kuingia ndani, betri itamwaga nguvu yake yote hapo, waya iwe nyekundu kaa jiko, na kapeti na plastiki zishike moto. Kwa hiyo tundu ya chuma, dai mpira wa kulinda waya. Na fyuzi ikikatika, mtu asikuambie uweke ya ampea kubwa ama karatasi ya sigara. Imekatika kwa sababu. Tafuta sababu.

Unene pia ni muhimu. Namba ya geji ikiwa ndogo, waya ni nene. Amplifaya yenye fyuzi ya 30 hutosheka na geji 8. Ukipita 60, enda geji 4. Kwangua ncha ya waya na kisu: ikiwa nyeupe ndani, hiyo ni alumini imepakwa kopa, inabeba umeme kidogo kuliko kopa tupu. Chukua nene zaidi ama utafute kopa.

Graundi iwe fupi, kwa chuma cha bodi chenye rangi imekwanguliwa. Na waya za RCA zipite upande mmoja wa gari, waya ya umeme upande mwingine.

Kabla utoke gereji

Usilipe mpaka uone haya. Toa ufunguo: redio izime. Washa: ikumbuke stesheni. Washa taa za mbele: skrini ipunguze mwanga. Weka rivasi: kamera ifunguke. Hamisha sauti mbele, nyuma, kushoto, kulia: kila spika ilie mahali pake. Jaribu indiketa, AC, honi na taa za hazadi. Kama fundi ana mita, apime umeme unaotumika gari ikiwa imezimwa na kufungwa kwa muda. Ikiwa karibu ampea 0.05 ama chini, betri yako italala salama.

Shida zikikuja baadaye

FM mbovu kuliko zamani: ile waya ya bluu haijaunganishwa, antena haina umeme.
Besi imepotea: spika moja iko na chanya na hasi zimegeuzwa, sauti zinapingana.
Mlio unapanda na injini: graundi mbaya, ama RCA imelala na waya ya umeme.
Redio inasahau kila kitu: njano haina umeme wa kudumu.
Inazima ukipandisha sauti: umeme hautoshi, ama nyaya za spika zinagusana.

Mwisho, fungua karatasi ya bima. Komprehensivu nyingi huweka kiwango maalum cha kioo na redio. Kama mfumo wako unapita hicho kiwango, ambia ajenti kabla haujaibiwa, si baadaye. Kama uko na ile ya third party tu, redio ikienda, imeenda. Na majirani wakilala, punguza: Kenya iko na kanuni za kelele tangu 2009, na askari hahitaji kupenda ngoma yako ndio akusimamishe.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ya kununua chochote, shika rula upime shimo la dashibodi, na kama uko na amplifaya tayari, fungua boneti ufuate waya kutoka kwa betri. Usipopata fyuzi ndani ya hizo sentimita 45, chomoa hiyo waya kwa betri leo, kisha umtafute fundi.